Si kila kukawia ni kosa ya rezo

Ndugu zangu, sisi wa informatiki tuko na tabia moja mbaya: meseji ikikawia, tunasema rezo ni mbaya, basi. Mimi mwenyewe niliiandika katika kazi yangu ya mwisho wa masomo. Programu yangu ya kutumiana meseji ilikuwa inakawia, nikalaumu muunganisho wa inchi yetu ukurasa muzima. Halafu nikajaribu mashine mbili zilizounganishwa na kamba moja, juu ya meza. Karibu milisekunde 40 kwa kila meseji, wakati kamba ile haikupaswa kuchukua hata 1. Rezo gani hapo?

Chanzo nilikikuta katika RFC 896, andiko fupi la John Nagle, Januari 1984. Shida yake ilikuwa ya kweli: mutu akiandika herufi moja, paketi ya okteti 41 inaondoka, na 40 kati yazo ni vichwa tu. Dawa yake: kama data iliyotangulia haijathibitishwa, vipande vidogo vingoje, vikusanywe, viende pamoja. Mpaka leo ninaikubali. Hakuna saa ya kupanga, sheria ni moja tu.

Lakini sheria hiyo inaangalia mutumaji tu. Upande wa mupokeaji kuna desturi ingine: kuchelewesha uthibitisho, ukitumaini utasafiri pamoja na jibu. RFC 1122 ya 1989 inairuhusu, bora isifike nusu sekunde. Linux inangoja mara nyingi milisekunde 40, mifumo mingine 200. Programu yangu ilituma kwanza okteti 4 za urefu, kisha maneno. Maneno yakangoja uthibitisho. Mupokeaji naye akangoja maneno ili ajibu. Kama watu wawili mulangoni: "Pita." "Hapana, pita wewe." Nagle mwenyewe alisema baadaye kama mambo hayo mawili hayapatani.

Sasa lawama yangu kubwa ni kwetu. Tunakopi mustari wa TCP_NODELAY, kukawia kunaisha, tunapiga makofi. Nami nilifanya hivyo. Kuangalia paketi, kila meseji ilikuwa inaondoka mara mbili, na vichwa mara mbili. Mwenye kununua mega analipa hivyo vichwa pia!

Dawa ya kweli: unga urefu na maneno mahali pamoja katika kumbukumbu, tuma mara moja. Kisha weka TCP_NODELAY, juu meseji ya pili isingoje uthibitisho wa ya kwanza. Hapo mustari ule una maana, paka sababu wewe umekwisha kufanya kazi ya kukusanya.

Ule ukurasa niliufuta kabla ya kusimama mbele ya majaji. Rezo yetu iko na makosa yake mengi, tusiiongezee yetu. Pima kwanza, ndipo ulaumu.