Mapezi ya Cadillac na Vumbi la Sekenke

Niliwahi kuandika hadithi fupi ambamo tajiri mmoja anarudi kwao Iramba akiendesha Cadillac Eldorado ya mwaka 1959, nyeupe, paa limefunuliwa. Niliisoma kwenye kikundi chetu cha waandishi chipukizi hapa Singida mjini, washikaji wakapiga makofi, nami nikajiona nimeua. Bahati mbaya, au bahati nzuri, siku ile alikuwapo mzee mmoja fundi wa magari aliyekuja kumsubiri mwanawe. Akaniuliza kwa upole kabisa:

"Sasa kijana wangu, hilo gari lako limepandaje Sekenke?"

Nikababaika. Nikamwambia ni hadithi tu, mzee.

"Sawa, ni hadithi. Lakini gari refu namna hiyo, tumbo liko chini, buti linaburuza. Na usukani uko kushoto. Enzi hizo unazosema wewe lami hakuna. Umelipitisha wapi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliporudi nyumbani nikatafuta vipimo vya gari lenyewe, na mzee alikuwa na haki: urefu wake unakaribia meta 5.7, na sehemu kubwa ya buti inaning'inia nyuma ya magurudumu. Kwenye kona za Sekenke za zamani lingebaki pale pale, watoto walichezee honi.

Kuna jambo jingine lililonitia aibu zaidi. Eldorado ni jina la nchi ya dhahabu ambayo Wahispania waliitafuta Marekani ya Kusini wasiione. Sekenke, kwa upande wake, ilikuwa na dhahabu kweli. Wajerumani walianza kuichimba mwaka 1909, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, waliitumia kutengeneza kule Tabora sarafu zenye picha ya tembo. Yaani nilichukua dhahabu ya jina tu nikaipeleka mahali palipotoka dhahabu yenyewe, na wala sikujua. Nilikuwa naandika kwetu bila kupatazama.

Lakini sitaki kuitupa Cadillac hivi hivi kwa sababu ya mlima. Swali ninalotaka tuliulize, ndugu msomaji, ni hili: mvuto wa gari lile ulikuwa wapi?

Ulikuwa nyuma. Harley Earl, mkuu wa wachoraji wa magari wa General Motors, alivutiwa na ndege ya kivita ya Lockheed P-38, ile yenye mikia miwili, na mwaka 1948 Cadillac zikatoka na vipezi vidogo juu ya taa za nyuma. Vikakua mwaka hadi mwaka, hasa baada ya Chrysler kuleta mapezi marefu katika magari yao ya 1957. Mwaka 1959 mapezi ya Cadillac yakafika kilele, yamechongoka kama ya samaki anayeruka, na kila moja limebeba taa mbili nyekundu mfano wa risasi. Hayakusaidia gari kwenda. Kufikia 1965 yalikuwa yametoweka.

Sasa jiulize nani aliyaona. Dereva? Dereva anatazama mbele. Aliyeyaona vizuri kuliko wote ni yule aliyeachwa nyuma, amesimama kando ya barabara anakula vumbi. Pezi lilichongwa kwa ajili yake. Ukilitazama hivyo, gari lile halikuuzwa kwa mnunuzi peke yake. Liliuzwa pia kwa macho ya watu wasioweza kulinunua.

Marehemu mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa taniboi wa malori, Singida hadi Nzega, juu ya magunia ya vitunguu. Chumbani kwake kulikuwa na picha aliyoikata kwenye gazeti la Kizungu akaibandika ukutani kwa uji wa ngano. Ni Cadillac, na imepigwa kwa nyuma. Utotoni nilidhani aliikata vibaya, uso wa gari ukabaki gazetini. Leo sidhani hivyo. Huo ndio upande wa magari aliouzoea.

Ile picha ndiyo iliyonipa wazo la hadithi, na katika hadithi nikamfuta mjomba nikamweka tajiri. Hapo ndipo nilipokosea, na naona wengi wetu tunakosea hapo hapo. Tazama hadithi zetu: mhusika anashuka kwenye Benzi nyeusi, kavaa suti, ananukia. Basi, kazi imeisha. Jina la gari limefanywa badala ya tabia ya mtu, na msomaji anaingizwa ndani ya gari bila kuulizwa.

Gari hilo hilo hubadilika maana kulingana na aliyelishika. Bondia Sugar Ray Robinson alipopita Harlem na Cadillac yake ya rangi ya waridi, katika Marekani ambamo mtu mweusi alifukuzwa mlangoni mwa hoteli, wale waliosimama pembeni waliona kitu chao kimepita. Kwetu, baada ya uhuru, lilipita gari lililonunuliwa kwa fedha za umma, na watu waliosimama pembeni wakatunga neno moja tu: Wabenzi. Hakuna mhakiki aliyewahi kuandika uhakiki mfupi kuliko huo, na haukutoka ndani ya gari.

Tena hata Benzi yenyewe ilikuwa na mapezi! Ile ya 1959 ilitoka na vipezi vya adabu, na kiwanda kikadai eti ni alama za kumwongoza dereva anaporudi nyuma. Wajerumani waliona haya kusema wanataka kutazamwa. Peugeot 404, Pijo yetu, iliyochorwa na Pininfarina wa Italia na kutoka mwaka 1960, nayo ilikuwa navyo. Ndiyo iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania, halafu tena 1968. Kwa hiyo pezi la Detroit lilifika Afrika Mashariki, limepunguzwa, limepakwa matope. Ningekuwa na akili tajiri wangu angekuja na Pijo, na fundi asingekuwa na la kuuliza.

Nimeiandika upya ile hadithi. Tajiri hayumo. Yumo taniboi, lori limezimika katikati ya mlima usiku, amekaa kwenye jiwe alilolitumbukiza nyuma ya tairi, anamsimulia dereva wake gari ambalo hajawahi kuligusa. Dereva hamwamini. Sijui kama nimepata. Ukurasa wa mwisho bado unanipiga chenga, na yale mazungumzo ni marefu mno. Nilitaka fundi aisome kwanza. Nikaambiwa yuko Shelui, kaitwa kwenye lori lililokatika springi.