Gharika Isiyo na Mvua

Mtu akaaye Kinakomba, katika bonde la Mto Tana, hahitaji mwalimu wa kumfundisha kwamba kila jambo lina sababu yake. Mto wenyewe humfundisha. Yaweza kuwa siku nyingi zimepita pasipo tone la mvua kushuka mashambani, jua likiwaka na vumbi likitimka. Kisha alfajiri moja akatoka nje, akaona maji yamepanda ukingo, mekundu kwa udongo, yakisukuma magogo na kuielekea migomba yake. Mgeni atastaajabu. Mwenyeji hastaajabu, maana ajua kwamba mvua ilinyesha mbali, katika miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, na maji yamechukua siku kadha kufika. Sababu haikuonekana, lakini ilikuwapo.

Msimulizi wa hadithi ana ruhusa kama ile ya mto. Aweza kutuletea jambo kubwa kwa ghafula, nasi tukashtuka. Aweza hata kuificha sababu kwa muda, ili tuitafute wenyewe. Lakini hana ruhusa ya kutuletea gharika ambayo mvua yake haikunyesha popote. Kwa kipimo hicho nataka kuipima sinema moja mashuhuri ya ngumi, iitwayo Rocky IV, ambayo Sylvester Stallone aliitunga, akaiongoza na kuicheza mwenyewe mwaka 1985.

Kwanza yafaa tukumbuke ilikotoka. Sinema ya kwanza, iliyotoka mwaka 1976, ilieleza habari za Rocky Balboa, bondia maskini wa mji wa Philadelphia, aliyepewa bahati ya kupigana na bingwa wa dunia, Apollo Creed. Alisimama raundi zote 15, uso ukiwa umevimba, na mwisho akashindwa kwa pointi. Hapo ndipo ulipokuwa uzuri wa kisa kile. Mtungaji hakumpa shujaa wake zaidi ya alichokichuma. Katika sinema ya pili Rocky alishinda, na katika ya tatu Creed, adui wa zamani, akawa rafiki yake na mwalimu wake.

Sinema ya nne yaanza na mtu mpya: Ivan Drago, jitu kutoka Urusi. Mbele ya waandishi wa habari mashine yapima nguvu za ngumi yake, na wote waliopo wabaki midomo wazi. Creed, ambaye amekwisha kuacha ngumi, ataka kupambana naye katika pambano la maonyesho huko Las Vegas. Amkataza Rocky asilisimamishe pambano kwa hali yoyote. Drago ampiga vibaya tangu raundi ya kwanza. Katika raundi ya pili Rocky amelishika taulo mkononi, asita, halitupi. Creed aanguka na kufa. Rocky asafiri mpaka Urusi, ajizoeza katika theluji kwa kupasua kuni na kupanda mlima, kisha apigana na Drago siku ya Krismasi, na katika raundi ya 15 amwangusha.

Hapo nauliza swali langu la kwanza. Hadithi yenyewe imetuwekea sheria: ngumi ya mtu huyu yaua. Haikutuambia hivyo kwa maneno tu, bali ilimwua mbele ya macho yetu bondia aliyepata kuwa bingwa wa dunia, tena kwa muda wa raundi mbili. Basi imekuwaje ngumi ile ile impate Rocky mara nyingi kwa raundi 15, aanguke na kuinuka, naye asipate dhara linalomzuia kushinda na kuhutubia watu papo hapo?

Mtetezi wa sinema hii ana jibu, na haki yataka tulisikilize. Atasema kwamba Creed alikuwa ameacha ngumi siku nyingi, tena aliingia ulingoni kwa majivuno na ngoma, hali Rocky alijitayarisha kwa jasho. Hiyo ndiyo mvua iliyonyesha mlimani. Nakiri kwamba jibu hili lina uzito. Mazoezi huongeza pumzi, huimarisha miguu, na humfundisha mtu kukwepa. Kama tungemwona Rocky akijifunza kukwepa, na kisha akamchosha Drago kwa kumkosesha, ningenyamaza. Lakini tunachoonyeshwa ni mtu anayepokea mapigo kwa uso wake. Kupasua kuni hakuufanyi ubongo kuwa mgumu ndani ya fuvu.

Swali la pili ni zito kuliko la kwanza, nalo lahusu taulo. Kifo cha Creed kilikuwa na sababu mbili: mkono wa Drago uliopiga, na mkono wa Rocky uliosita. Mtungaji aliionyesha sababu hiyo ya pili waziwazi, tena polepole, ili tuione. Tungetazamia basi kwamba sehemu iliyobaki ingeieleza: mtu aliyemwacha rafiki yake afe kwa kuheshimu fahari yake, je, atajifunza nini? Naye atakapokuwa katika hatari ile ile, nani atalishika taulo? La! Lawama yote yatupiwa Drago, na Rocky apewa kisasi mahali pa kupewa toba. Hilo ndilo kosa kubwa la msuko huu. Mtungaji alipanda mbegu njema, akaliacha shamba.

Labda utaniambia, ewe msomaji, kwamba hii ni sinema tu, na mapigo yake ni ya kuigiza. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tuketio kutazama hatuoni uzito wa ngumi. Basi na tuutazame uzito wenyewe.

Mwaka 1988, katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, Robert Wangila alimshinda Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili, akawa Mkenya wa kwanza kupata nishani ya dhahabu ya ngumi katika Olimpiki. Baadaye alikwenda Marekani kupigana kwa malipo. Tarehe 22 Julai 1994 alipigana Las Vegas, mji ule ule ambao Creed wa sinema alifia, akashindwa, na siku mbili baadaye akafariki kwa jeraha la ubongo. Alikuwa na umri wa miaka 26. Hakuwa mzembe wala mwoga. Alikuwa na moyo sawasawa na Rocky, na moyo haukumfunika kichwa.

Wenye mchezo wenyewe waliujua ukweli huo kabla ya sinema ya nne kutungwa. Bondia wa Korea Kusini, Kim Duk-koo, alipigana Las Vegas Novemba 1982, akaangushwa katika raundi ya 14, akafa siku chache baadaye. Kwa sababu ya msiba huo Baraza la Ngumi la Dunia lilizipunguza raundi za kugombea ubingwa kutoka 15 hadi 12. Walikubali kwamba mapigo hujumlika kama hesabu, na kwamba mwili huandika deni hata kama mwenye mwili hasomi.

Jambo la kupendeza ni kwamba mtungaji naye alilikumbuka deni hilo. Katika sinema ya tano, ya mwaka 1990, Rocky arudi kutoka Urusi mikono ikitetemeka, na daktari amwambia ubongo wake umedhurika. Hivyo sinema ya tano yajibu lile ambalo ya nne ililikimbia. Lakini mwaka 2006 ikatoka nyingine, Rocky akiwa mzee. Akapimwa, akapewa leseni, akapanda tena ulingoni. Deni lililokiriwa likafutwa pasipo kulipwa.

Sikuandika haya ili kumkataza mtu kuitazama sinema hii. Mimi mwenyewe niliitazama, na damu ikanichemka kama ya mwingine yeyote. Lakini damu ikisha kutulia, akili haina budi kuuliza. Kijana wa Kinakomba akiyaona maji yamepanda bila mvua, hasemi ni muujiza. Hugeuka, akatazama mto unakotoka. Nawe ufanye vivyo hivyo kwa kila hadithi unayosimuliwa. Shujaa akishinda, tazama juu ya mto. Ukiona mlimani ni kukavu, mpe mtungaji sifa kwa mikono yake iliyokusisimua, lakini usimpe imani yako, wala kichwa chako.