Gumba na Kidole cha Shahada

Ajaye kujifunza gitaa, awe kijana aliyemaliza shule jana au mtu mzima aliyekwisha kulea wana, huja na maswali, na maswali hayo hayakubadilika sana kwa muda wote ambao nimekuwa nikiyasikia barazani kwa fundi mmoja wa Tanga, ambaye watu humwendea baada ya alasiri kutaka elimu hiyo. Je, umri wangu haukupita? Itachukua muda gani hata niweze kupiga wimbo mmoja kamili? Ninunue gitaa la umeme au gitaa kavu? Sharti nisome nota? Mbona vidole vinauma? Ni maswali ya haki, wala hapana aibu kwa mtu kuyauliza. Lakini katika yote hayo hakuna hata moja linalouliza habari za mkono wa kulia, na jambo hili hunitia huzuni kila nilisikiapo.

Majibu ya fundi ni mafupi. Umri, asema, haumzuii mtu ila yule aonaye haya kuwa mwanafunzi. Maumivu ya ncha za vidole hudumu majuma machache, kisha ngozi hufanya sugu, na mwenye kubonyeza uzi karibu na kile chuma kidogo cha shingoni, nyuma yake kidogo wala si juu yake, hutumia nguvu chache na hupata sauti safi isiyokwaruza. Gitaa kavu latangulia, kwa kuwa halina chombo cha kukuza sauti wala cha kuficha kosa. Robo saa ya kila siku yashinda saa tatu za Jumapili moja. Na nota ni elimu adhimu, inayofundishwa kwa heshima Unguja katika Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi tangu kilipofunguliwa mwaka 2002, lakini sikio hutangulia jicho.

Naam, sikio. Kwa fundi huyu mwanafunzi hapewi wimbo kabla hajajua kulinganisha nyuzi bila msaada wa mashine. Hufundishwa kubonyeza uzi mnene wa juu katika nafasi ya tano na kuusikiliza ukilia pamoja na jirani yake ulio wazi, mpaka sauti mbili zinazogombana na kutetemeka zitulie na kuwa moja. Kisha huendelea hivyo uzi kwa uzi, isipokuwa pale uzi wa tatu kutoka chini unapolinganishwa na wa pili, ambapo nafasi ni ya nne. Nimewaona vijana wakichukia kazi hii, wakamwonyesha mzee simu zenye taa ya kijani inayowaka uzi ukikaa sawa, naye akawajibu kwa upole, “Mwanangu, hiyo imejua yenyewe, wewe hujajua.” Baadhi yao hawakurudi tena. Waliorudi walikuwa wamepata kitu ambacho hakiwezi kununuliwa dukani pamoja na gitaa, yaani uwezo wa kutambua kwa nafsi zao lililo sawa na lililopotoka.

Baada ya hapo ndipo huja mkono wa kulia, na hapa sina budi kukaa kitako. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyetoa umri wake kuhifadhi muziki wa Afrika, alimkuta Jadotville, katika jimbo la Katanga nchini Kongo, kijana mzaliwa wa Bunkeya aitwaye Jean Bosco Mwenda, akazitia nyimbo zake katika santuri, na mojawapo ni ile Masanga iliyosikiwa kote ambako Kiswahili husemwa na hata kule kusikojua neno lake moja. Asiyejua huisikia akadhani wapigaji ni wawili. La, ni mmoja, na katika mkono wake wa kulia vilivyofanya kazi ni vidole viwili tu: gumba likitembea juu ya nyuzi nene kwa mwendo wake usioyumba, na kidole cha shahada kikizungumza juu ya nyuzi nyembamba, mara kikitangulia hatua ya gumba, mara kikichelewa makusudi, mara kikinyamaza ili gumba lisikike peke yake. Vidole viwili hivyo vimegawana kazi kwa adabu kama mtu na mkewe waliokaa pamoja miaka mingi. Hapana kinachosukuma mwenziwe, na hapana kinachongoja mwenziwe akiambie.

Maarifa hayo hayakuwa ya Katanga pekee. Magharibi ya Kenya George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alicharaza gitaa kavu kwa mkono wa namna yake, akifuatwa na chupa ya soda yenye matuta iliyogongwa kwa chuma, na mlio wa chupa ile ulikuwa mkali na sahihi kuliko ngoma nyingi za leo. Na gitaa la umeme lilipotamalaki katika kumbi za dansi, Mbaraka Mwinshehe akaipandisha Morogoro Jazz hadhi yake katikati ya miaka ya 1960; ila hata huko elimu ilipita kwa njia ile ile, mdogo akikaa karibu na mkubwa, akitazama mkono, akingoja.

Kutazama mkono ndiko kunakotupotea. Filamu za simu ambazo wanafunzi wetu wamezifanya walimu humulika mkono wa kushoto, zikaweka na alama za duara kuonyesha kila kidole mahali pake, na mkono wa kulia ukaachwa upapase peke yake, ukipiga nyuzi zote sita kwa mara moja, juu na chini, juu na chini, hata kila wimbo ufanane na mwenziwe. Siwalaumu watoto. Nawalaumu wale waliosikia gumba likitembea, wakayajua mazuri hayo, kisha wakaona yatajihifadhi yenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mwingereza aitwaye John Low alifunga safari mpaka Shaba, kama Katanga ilivyoitwa siku hizo, kuwatafuta Bosco na mpigaji gitaa mwenziwe Edouard Masengo. Santuri zao alikuwa nazo kwao Uingereza, na aliweza kuzisikiliza alivyotaka. Alichofuata huko ni kukaa mbele yao akaone vidole. Wangapi katika sisi, ambao nyimbo zile tunazifahamu maneno, waliofunga safari fupi kuliko hiyo, mtaa wa pili tu?

Bosco alifariki mwaka 1990. Sauti ya mwaka 1952 ingaliko, safi, na yeyote aweza kuipata. Lakini santuri ile haikuandika ni kidole gani kiligusa uzi gani, wala wapi gumba lilinyamazishwa kwa ubavu wa kiganja. Wanaolijua hilo ni wale waliokaa karibu na waliokaa karibu, na wako bado, Lubumbashi, Kisumu, Morogoro, Tanga, wengi wao wazee, na wengi wao hawajaulizwa.