Chumvi Iliyomnyang'anya Zubkov Dhahabu Mbili

Alexandr Zubkov ndiye aliyebeba bendera ya Urusi katika ufunguzi wa Olimpiki ya Sochi, Februari 2014. Kabla michezo haijafungwa alikuwa na dhahabu mbili: ya sleji ya watu 2 na ya watu 4. Hiyo ya pili aliipata kwa tofauti ya sekunde 0.09 tu dhidi ya Latvia, baada ya kila timu kuteremka mara 4. Alikuwa na miaka 39, tayari ana fedha ya Turin 2006 na shaba ya Vancouver 2010.

Novemba 2017, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ilimfutia matokeo hayo na kumfungia Olimpiki maisha. Kilichomwangusha hakikuwa dawa iliyokutwa kwenye mkojo wake, bali chumvi.

Mkojo wa mchezaji hugawanywa katika chupa 2: moja hupimwa, nyingine huhifadhiwa. Kifuniko kikishabana, hakitakiwi kufunguka bila kuvunjwa. Grigory Rodchenkov, aliyeongoza maabara ya Sochi, alisema chupa zilipitishwa usiku kwenye tundu la ukutani hadi chumba cha pili. Maofisa wa usalama walizifungua, mkojo wenye dawa ukamwagwa, ukawekwa mkojo safi wa mchezaji yuleyule uliokusanywa miezi kabla na kugandishwa. Uchunguzi wa mwanasheria Richard McLaren ulithibitisha mpango huo.

Ugumu ulikuwa kwenye fomu. Mchezaji anapotoa mkojo, ofisa hupima palepale uzito wake ukilinganishwa na maji, na kuuandika kwenye fomu hiyo. Mkojo wa zamani ulilazimika kufikia namba ileile. Ukizidi, uliongezwa maji. Ukipungua, chumvi ya mezani. Namba ikalingana. Lakini kipimo kile huonyesha uzito tu, hakisemi umetokana na nini, na figo zina kikomo cha sodiamu ya chumvi zinayoweza kuitoa. Wataalamu walipopima sodiamu yenyewe, sampuli za Zubkov zilikuwa na kiasi ambacho mwili wa mtu mwenye afya hauwezi kukitoa.

Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote. Mikwaruzo ndani ya kifuniko huonyesha kwamba chupa ilichezewa, ila mchezaji anaweza kusema hakujua. Chumvi inambana zaidi, kwa sababu mpango mzima ulihitaji mkojo safi, na huo hautoki kwa mtu mwingine ila yeye.

Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) ilipima kila kesi peke yake, na ilifanya sawa. Februari 2018 iliwaondolea adhabu Warusi 28 kati ya 39 ambao rufaa zao ilizisikiliza, kwa upungufu wa ushahidi. Zubkov alikuwa miongoni mwa 11 waliobaki na hatia, ingawa kifungo cha maisha kilipunguzwa kikawa cha Olimpiki ya 2018 pekee. Baadaye mahakama ya Moscow ilikataa kuitambua hukumu hiyo ndani ya Urusi. Matokeo ya Sochi hayakubadilika.

Dhahabu ya watu 4 ni ya Oskars Melbārdis na wenzake wa Latvia, ya watu 2 ni ya Beat Hefti na Alex Baumann wa Uswisi. Steven Holcomb wa Marekani, aliyeondoka Sochi na shaba mbili, alistahili fedha mbili. Alifariki Mei 2017, miezi 6 kabla IOC haijatoa uamuzi.