Vumbi halitoshi kueleza macho mekundu ya Bujumbura

Kiangazi kikikolea Bujumbura, kati ya Juni na Septemba, watoto wa Buyenzi na Kamenge hufikicha macho, na karibu kila mzazi hulilaumu vumbi. Lawama hiyo ina msingi: jiji liko kwenye uwanda wa Imbo, ufukweni mwa Tanganyika, chini kidogo ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, na miezi hiyo ni ya joto na ukavu.

Utafiti unaotufaa zaidi ulifanyika kwa jirani, Rwanda, ukachapishwa mwaka 2011. Stefan De Smedt na wenzake walichunguza VKC, mzio sugu wa macho unaowapata hasa watoto. Wangeweza kuwahesabu wagonjwa kliniki, lakini kliniki hufika mwenye nauli au aliyezidiwa. Wakaenda shuleni. Shule za msingi zilichaguliwa kwa bahati nasibu, wakapimwa watoto 3,041 wa miaka 7 hadi 14. Asilimia 4 walikuwa nao, yaani mmoja katika kila 25.

Hatua ya pili ndiyo iliyonivutia zaidi. Watoto wagonjwa walilinganishwa na wenzao wazima, jumla 246, ili kujua hali ya maisha ya nyumbani kwao. Ugonjwa ulihusiana na umri mdogo, jinsia ya kiume, maisha ya mjini na, ajabu, familia zenye mali zaidi. Hapo lawama ya vumbi inayumba: lingekuwa ndilo chanzo pekee, tungetarajia watoto wa nyumba zisizo na sakafu waongoze.

Hata hivyo, ulinganisho huo hutuambia nani anaugua, hautuambii kilichomwasha. Kwa swali hilo kuna njia ya kale. Mwaka 1873 Charles Blackley wa Manchester alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kujitia chavua ya nyasi puani na machoni, na dalili zikamjia. Leo tunajua kwamba kingamwili IgE, iliyotambuliwa miaka ya 1960, hukaa juu ya seli za masti. Chavua ikiigusa, seli hizo humwaga histamini. Lakini wagonjwa wengi wa VKC hupimwa ngozi na wasionekane kuwa na mzio wa chochote. Kwao njia ya Blackley pekee haitoshi.

Bujumbura ina nafasi adimu ya kuendeleza kazi hii. Kutoka ziwani hadi Bugarama barabara hupanda kupita mita 2,000 kwa safari fupi tu. Watoto wa shule za huku na kule wapimwe Februari, kisha Agosti: tofauti ikifuata mwinuko, joto na ukavu vitiliwe shaka zaidi, ikifuata mali ya familia, tuangalie ndani ya nyumba. Na swali la kwanza kwa mzazi liwe la dawa, kwa sababu mtoto anayetiwa matone ya steroidi anaweza kuonekana mzima siku ya kipimo, huku matone hayohayo, yakitumika muda mrefu bila daktari, yakimpandishia presha ya jicho.