Fundi wa Magamba Madogo

Bonge la udongo lililotolewa chini ya ardhi ya Kilwa halina la kumvutia mtu. Ni la kijivu, likiloa linanata, likikauka linapasuka. Ukilikodolea macho huwezi kujua kama lina umri wa miaka milioni 35 au milioni 50. Anayeweza kukwambia ni fundi wa foraminifera, naye hatakwambia leo.

Foraminifera ni viumbe vya baharini vyenye seli moja tu. Vingi hujijengea gamba la chokaa, chumba baada ya chumba, na gamba zima mara nyingi halifiki milimita moja. Vikifa, magamba huzama na kufunikwa na matope. Kwa kuwa kila zama zilikuwa na spishi zake, anayezijua spishi anaujua umri wa mwamba.

Kazi huanzia kwenye maji. Bonge hulowekwa mpaka lisambaratike, kisha huoshwa juu ya chekeche lenye matundu ya maikroni 63. Matope hupita, magamba hubaki. Hapa kuna uangalifu unaonifurahisha sana: gamba lililonasa kwenye chekeche likiingia katika sampuli inayofuata litapotosha umri wake. Kwa hiyo, chekeche likishasuguliwa, mafundi wengine hulichovya kwenye rangi ya buluu. Baadaye gamba la buluu likionekana chini ya hadubini, linajulikana kuwa ni la sampuli iliyopita, linatupwa.

Masalia yaliyokauka humwagwa kidogo kidogo kwenye kisahani cheusi chenye mistari ya miraba. Fundi hupita mraba kwa mraba, kama mama anayechambua mchele kwenye sinia. Kifaa chake ni brashi ya rangi iliyo nyembamba kuliko zote, ncha yake imeloweshwa maji. Gamba hugandamana na ncha hiyo, likahamishiwa kwenye kadi ndogo yenye vyumba 60 vilivyopakwa gundi hafifu.

Kulitambua sasa. Gamba hutazamwa pande tatu: upande wa mzunguko, unaoonyesha vyumba vyote tangu cha kwanza, upande wa kitovu, na ubavuni. Mdomo uko wapi, katikati ya kitovu au umesogea ukingoni? Mzunguko wa mwisho una vyumba vinne au vitano? Ukuta ni laini, au una vishimo na alama za miiba? Spishi mbili zinaweza kufanana kabisa kwa upande mmoja na kuachana kwa upande wa pili, ndiyo maana fundi mzuri hugeuza kwanza, jina baadaye.

Hantkenina, jenasi mojawapo ya foraminifera, kwa bahati hutambuliwa hata na mwanafunzi: kila chumba cha mzunguko wake wa mwisho kina mwiba mrefu ulio wazi ndani. Mwiba ukivunjika, fundi hutafuta kisiki chake. Lakini ugumu wa Hantkenina hauko katika kumwona. Alitoweka takriban miaka milioni 33.9 iliyopita, na kutoweka kwake ndiko kunakoweka mpaka kati ya zama za Eosini na Oligosini. Mpaka huo uliwekwa rasmi mwaka 1992 katika miamba ya Massignano, Italia. Basi fundi anayepanda na tabaka za Lindi, sampuli baada ya sampuli, lazima afike mahali aseme hayumo tena. Kumpata kunahitaji gamba moja. Kusema hayumo kunahitaji kumaliza kisahani chote, na cha juu yake, na kinachofuata. Kwangu hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo.

Udongo wa Kilwa na Lindi una sifa adimu. Haupitishi maji kirahisi, kwa hiyo magamba yake yamebaki maangavu kama yalivyokuwa. Magamba mengi ya bahari kuu yamejijenga upya katika baridi ya sakafu ya bahari, yakawa meupe yasiyopenya mwanga, na oksijeni iliyomo, inayopimwa ili kukadiria joto la bahari ya kale, ikasoma baridi ile. Mwaka 2001 mtafiti Paul Pearson na wenzake walipima magamba maangavu, yakiwemo ya Tanzania, wakaonyesha kwamba bahari za tropiki za Eosini zilikuwa na joto la angalau nyuzi 28 hadi 32. Mashine ilipima, ndiyo. Lakini kuna mtu aliyeichagulia spishi moja moja, kwa brashi.

Jiwe gumu la chokaa lina njia yake: hukatwa, hubandikwa kwenye kioo, husagwa mpaka mwanga upenye, na gamba husomwa kwa mkato wake tu. Numuliti, ndugu wakubwa wanaoonekana kwa macho, hutambuliwa hivyo. Ndio waliojaa katika mawe ya piramidi za Giza.

Watafiti Walter Blow na Fred Banner, katika kitabu cha mwaka 1962 ambacho wataalamu bado wanakirejea, walitumia sana sampuli za Lindi. Kwa hiyo mwanafunzi wa jiolojia wa Dar es Salaam au Dodoma anayetafuta ubingwa asidhani lazima asafiri mbali. Chekeche, brashi na hadubini ya kawaida vinatosha kuanzia, na udongo wenyewe uko Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande.