Tovuti ya Televisheni Hupimwa kwa Ukurasa wa Kipindi

Wengi wanaolinganisha tovuti za vituo vya televisheni huanzia ukurasa wa mwanzo, kwa kuwa huko ndiko kituo kinakopanga picha zake kubwa na tamthilia inayotangazwa wiki hiyo. Ukurasa huo unaonyesha kituo kinataka kuuza nini. Hauonyeshi kinamhudumiaje mtu aliyekosa kipindi cha jana usiku, na huduma za kutazama vipindi vilivyopita ziliundwa kwa ajili ya mtu huyo hasa. Kwa hiyo ubora wake upimwe kwenye ukurasa wa kipindi kimoja na kwenye njia ya kuufikia. Uingereza inatupa mifano mizuri ya upimaji huu, maana vituo vyake vikuu vimeshindana katika kazi hii tangu Channel 4 ilipoanzisha 4oD mwaka 2006, na BBC ikafuata na iPlayer mwaka 2007.

Kipimo cha kwanza ni vizuizi vilivyopo kati ya mtazamaji na picha. Ilipoanza majaribio ya wazi Julai 2007, iPlayer ilimtaka mtu asakinishe programu maalumu, awe na kompyuta ya Windows XP, kisha apakue kipindi na kusubiri. Desemba mwaka huohuo BBC iliruhusu kipindi kichezwe papo hapo ndani ya kivinjari, na watu wakaifuata njia hiyo kwa wingi. Vipindi vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni urefu wa njia. Basi hesabu hatua kuanzia jina la kipindi hadi picha inapoanza kucheza. Si kila hatua ni kosa: tangu Septemba 2016 sheria ya Uingereza inamtaka anayetazama vipindi vya BBC kwenye iPlayer awe na leseni ya televisheni, na mwaka uliofuata likaja sharti la kufungua akaunti. Huduma iliyosanifiwa vizuri huuliza mara moja, hueleza sababu, kisha humkumbuka mtazamaji wake pamoja na dakika aliyoishia.

Kipimo cha pili ni kudumu, na hapa ndipo ufundi wa kweli unapojitenga na mapambo. Kuanzia 2007 BBC ilijenga mfumo unaokipa kila kipindi, na kila sehemu yake, ukurasa wenye namba yake maalumu. Ya tamthilia ya Doctor Who ni b006q2x0. Video inapoondolewa, ukurasa hubaki na muhtasari na tarehe ya kurushwa hewani, hivyo kiungo alichotumiwa rafiki hakimpeleki mahali patupu. Linganisha na historia ya majina kwa washindani wake: ITV Player ikawa ITV Hub mwaka 2015, kisha ITVX mwaka 2022, 4oD ikawa All 4 mwaka 2015, na baadaye ikabaki Channel 4 tu. Kila jina jipya humlazimisha mtazamaji kujifunza upya mahali alipokuwa amepazoea. Kwa kupima, tafuta kipindi cha miaka mitano iliyopita uone kama tovuti bado inakijua.

Kipimo cha tatu ni ukweli kuhusu muda na mpangilio. Mwanzoni vipindi vingi vya iPlayer vilikaa siku 7. Mwaka 2014 muda ukawa siku 30, na mwaka 2019 BBC ikapata kibali cha kuufanya miezi 12. Hata muda ukiwa mrefu, mtazamaji anastahili kuambiwa siku ya mwisho kabla hajaanza mfululizo wenye sehemu nyingi. Mpangilio nao ufuate aina ya kipindi: taarifa ya habari ianze na ya leo, tamthilia ianze na sehemu ya kwanza. Ukurasa unaotanguliza sehemu ya mwisho ya tamthilia, pamoja na muhtasari wake, humharibia mtu hadithi nzima. Angalia pia kama maandishi ya chini ya skrini, maelezo ya sauti kwa wasioona na lugha ya ishara vimetajwa wazi kabla kipindi hakijaanza. Kiziwi hapaswi kubahatisha.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi wengi hufungua huduma hizi bila kujua wanachotaka, hivyo ukurasa wa mwanzo una uzito zaidi. Ni kweli wengi huvinjari, lakini hata anayevinjari huamua kwenye ukurasa wa kipindi. Tena mapendekezo ya ukurasa wa mwanzo hutegemea kumbukumbu zilezile za majina, namba na tarehe. Zikiwa na vurugu, uzuri wa juu hausaidii. Wengine watasema BBC ina fedha za leseni na haina matangazo ya biashara nchini mwake, kwa hiyo si haki kuilinganisha na ITV au Channel 4. Kuwapo kwa matangazo si kosa la usanifu. Tunachopima ni namna yanavyowekwa: je, mtazamaji anaonyeshwa muda uliobaki, na je, anarudishwa alipoachia? Ama kutaja tarehe sahihi na kupanga sehemu kwa utaratibu, hakuna kinachomzuia anayeishi kwa matangazo.

Vipimo hivi vinafaa pia Afrika Mashariki, ambako vituo vingi huweka vipindi vyao kwenye YouTube. Huko kituo hakina mamlaka juu ya rangi wala vitufe, lakini kina mamlaka juu ya jina la kipindi, namba ya sehemu, tarehe na orodha iliyopangwa. Mtazamaji anayelipia bando hugharamia kila video aliyoifungua kimakosa kwa sababu kichwa chake kilikuwa na kelele na hakikuwa na tarehe. Kituo kinachoandika vizuri mambo hayo manne kinastahili alama ya juu kuliko kile chenye programu ya simu inayong'aa ambamo kipindi cha juzi hakipatikani.